Nani Kakupa Ruhusa

Rebeka, acha hayo mapishi. Loveness wetu katoka kwa mwamuzi wa kesi za kazi hapa Geita sasa hivi. Kakaa kwenye ngazi.

Ni ile kesi yake ya kwanza ya uwakili, anaitetea kampuni ya aplikesheni ya kuitia bodaboda. Dereva Maganga alivunjika mguu akimpeleka abiria Nyarugusu, anataka atambuliwe kuwa mwajiriwa ili atibiwe.

Loveness kasimama, kanyooka: "Mheshimiwa, huyu hana bosi. Anaingia kazini akipenda, anatoka akipenda." Mwamuzi akaitikia kwa kichwa.

Akamwita shahidi wake, meneja Chacha.

Chacha anaingia, Maganga anajiinua kwa magongo, adabu zake zote: "Shikamoo bosi."

"Marahaba. We Maganga! Siku ya kazi uko huku, nani kakupa ruhusa?"

Rebeka. NANI KAKUPA RUHUSA. Shahidi wake mwenyewe. Hata kuapa hajaapa.

Maganga akautazama mguu wenye plasta. "Huu hapa, bosi."

Mwamuzi akaandika, taratibu. Loveness akasimama tena akasema kampuni inaomba suluhu, waanze na matibabu.

Sasa Chacha kamfuata kwenye ngazi, kanuna: "Wakili, nimetoka Masumbwe kote kule, hujaniuliza hata swali moja?"