Mota ya Kulia

Buguruni, Dar es Salaam
6 Februari 1996

Dada Paskazia,

Shikamoo. Mimi mzima, ni mafua tu ya vumbi la gereji. Watoto hawajambo? Na mguu wako?

Nimepata mota ya mashine yako ya kuuza biskuti. Kwenye mashine mbovu zilizoletwa hapa gereji zimo za aina mbili. Moja inakimbia kama feni, lakini ukiishika shafti kwa vidole inasimama. Nyingine ina giaboksi: inazunguka taratibu, na ukijaribu kuishika utavunjika kucha. Springi inayosukuma pakiti inataka hiyo ya taratibu. Ila nyaya nazifunga mimi kabla ya kuituma, izunguke kulia au kushoto. Yako inazunguka wapi?

Jingine ni la Mang'ula, kwa kina Eveline. Wazazi wetu hawapo, mama yangu ni wewe. Barua ya kumposa Eveline nimeiandika kwa jina lako, imo humu. Mshenga awe mzee Tadei, nawe umsindikize.

Mdogo wako,
Fulgence

Mlabani, Ifakara
20 Februari 1996

Mdogo wangu Fulgence,

Marahaba. Sisi hatujambo, mguu nao upo upo tu. Nimesimama mbele ya mashine nikaitazama springi vizuri: ni kulia. Fanya haraka. Msimamizi wa hospitali amesema Pasaka ikifika sijaanza kuuza, niliondoe bati langu, ndivyo anavyoiita mashine, pale barazani. Tangu shemeji yako afariki, kona ile ndiyo inayowalisha wanangu.

Mang'ula nitakwenda. Ila huyo kaka yake Eveline, Anselim muuza soda wa stesheni, simwelewi. Jana alikuja na futi akapima ukuta wa kona yangu. Nilipomuuliza anapima nini, akacheka. Nasikia anatafuta pa kuweka friji. Unajua lolote?

Dada yako,
Paskazia

Buguruni
4 Machi 1996

Dada,

Shikamoo, na pole na majukumu. Mota ya kulia hiyo, nimempa dereva wa basi la Ifakara. Nimeijaribu mwenyewe mezani, haina kasoro. Habari ya futi usiniulize, tafadhali. Posa imefika?

Mdogo wako,
Fulgence

Mlabani
18 Machi 1996

Fulgence,

Sisi wazima. Mota yako imefungwa, na pakiti zinarudi nyuma. Mtu anatumbukiza sarafu, biskuti zinakwenda kusagika huko ndani. Wagonjwa wanasema kweli ni mota ya kulia, inakula biskuti. Wao wanacheka, mimi sicheki.

Umeijaribu mezani mwenyewe, ndivyo ulivyoandika. Ukaniambia nisiulize habari ya futi. Basi nimejijibu. Mnaniondoa pale ili huyo shemeji yako Anselim aweke friji, halafu mimi huyo huyo nikakuposee?

Jumapili nilikwenda Mang'ula, bila mzee Tadei. Baba yake Eveline alinikaribisha vizuri, akaniuliza, "Mama, umetuletea nini?"

Nikamwambia, "Nimekuja kuwaambia msimpe binti yenu. Anayemfanyia dada yake hila, mke atamfanyia nini?"

Barua yako nairudisha humu.

Paskazia

Buguruni
27 Machi 1996

Dada,

Shikamoo. Wewe uliitazama springi ukiwa mbele, anaposimama mnunuzi. Mimi niliitazama mota kwa nyuma, kama mafundi tunavyofanya tukiifunga. Kulia kwako ni kushoto kwangu. Hatukuulizana. Mwambie fundi abadilishe nyaya mbili, nyekundu ikae pa nyeusi, basi.

Mengine siwezi kuyaandika leo. Nimeumia mno.

Fulgence

Mlabani
8 Aprili 1996

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini u mzima, maana mimi roho yangu si nzima. Fundi alibadilisha nyaya Alhamisi Kuu. Pakiti ya kwanza ilipodondoka watu walipiga makofi, mimi nikaingia jikoni mwa hospitali nikalia. Msimamizi ameniachia kona.

Nirudishie ile barua ya posa. Nitakwenda na mzee Tadei, nitapiga magoti mbele ya wazee wale ikibidi. Wepesi wangu wa mdomo unaujua tangu utoto. Usininyamazie.

Dada yako,
Paskazia

Buguruni
22 Aprili 1996

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mashine inauza, nasema kwa moyo wote.

Usiende Mang'ula. Baba yake Eveline ameniandikia kwa heshima tu: mama wa kijana mwenyewe amekuja kuwakataza, wao wamekubali neno lake. Eveline ameambiwa asinijibu tena, na hajibu.

Kuhusu futi, sasa hakuna cha kuficha. Eveline alitaka kukupa zawadi wewe wifi yake: kizimba cha nondo cha kuizungushia mashine, watu wasije wakaitikisa. Anselim alipima ukuta ili fundi akichomelee. Walinikataza kusema hadi siku ya posa.

Kimekwisha, kimepakwa rangi ya bluu, kipo stesheni Mang'ula. Anselim ananiuliza akipeleke wapi.

Mdogo wako,
Fulgence