Upo? Nipo Tu

Shangazi mshauri mpendwa, nishike mkono maana ninazama. Mimi ni mama wa mtoto mmoja anayenyonya, shule niliishia njiani, tunaishi chumba kimoja cha kupanga na mume wangu ambaye akirudi kazini hata salamu naivuta kwa kamba, na siku nzima ni mimi na nepi, nafua, naanika, naanua, naanza tena, na mtu akiniuliza siku hizi unafanya nini najibu nipo tu, mpaka wifi yangu akasema, "Wewe upoupo tu kama pazia, tena afadhali pazia lina kazi," nikacheka naye, alipoondoka nikalia.

Kinachonitoa kitandani ni kimoja. Chumba cha pili anakaa bibi mshona viraka, macho yamemwishia nuru, mikono yake bado inajua kila kitu isipokuwa kutunga uzi, basi kila asubuhi hugonga ukuta, "Upo?" namjibu "Nipo," naenda na mtoto mgongoni namtungia sindano zake zote, ananiita jicho langu, narudi. Ndiyo kazi yangu duniani, shangazi, kutunga uzi! Juzi nikajiuliza haya ni maisha gani, alipogonga nikanyamaza. Akaita, "Upo, mwanangu?" Nikamziba mtoto mdomo kwa ziwa. Mara nikasikia kiganja kinapapasa ukuta mpaka mlangoni kwangu, nikajua kaja na sindano zake, kumbe mikono mitupu, akauliza tu, "Umekula?"

Sikumjibu, na kweli sikuwa nimekula. Nguo zangu nimezifunga kwenye shuka, nataka nimwache mtoto kwa mama mkwe niende nisikokujua, maana nikiondoka sioni pengo litakalobaki. Ila nimeona nikuandikie kwanza, labda unalo neno.

Mimi, Pazia.

JIBU: Hilo jina mrudishie wifi yako. Pole sana, mwanangu, huo mzigo ni mzito na umeubeba peke yako. Lakini acha nikugombeze. Pengo hulioni? Umenyamaza asubuhi moja, na bibi asiyeona akapapasa ukuta mzima! Uzi angetungiwa na mpita njia yeyote. Alikuja kukutafuta wewe.

Sikudanganyi, sindano haitamaliza huzuni yako. Fungua hilo shuka. Mume wako akirudi leo, mwambie yote uliyoniandikia, na usicheke ukisema. Ukimpeleka mtoto kupimwa uzito, mwambie muuguzi wazi kwamba unatamani kukimbia; amewasikia wengi, hatakushangaa. Kwa mama mkwe nenda, ila nendeni wote wawili, wewe na mtoto, ulale usingizi ushibe, mrudi wote wawili.

Na bibi bado anadai jibu. Mwambie ukweli: hujala.

Kesho akigonga ukuta, sema "Nipo." Hiyo "tu" iache.