Yaya Furaha, Kuhusu Bamba Lako Kubwa

Kwako yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa sista aliyeshukia uwanja wa ndege wa Kavumu wiki iliyopita. Niliisoma mara mbili, kisha nikaiweka chini ya madaftari ya wanafunzi, nisahihishe kwanza. Usinielewe vibaya, nimechoka tu. Miaka sita tangu uondoke, na ukurasa mmoja: salamu, habari za maonyesho yako huko Ubelgiji, na ombi kwamba nikutumie lile bamba kubwa lenye mama na ziwa.

Nitakujibu. Ila niache nianze mbali.

Uliporudi kutoka shule ya sanaa Kinshasa, picha zako za kitambaa ziliota ukungu zote katika msimu mmoja wa mvua. Mama alizianika uani kama mihogo, ukamwambia aache tu. Kwa muda mrefu hukushika brashi. Halafu Jumamosi moja tukitoka salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wewe na mimi na majembe yetu, tukapita Ibanda kwenye jengo lililokuwa linavishwa mabamba ya kung'aa. Vipande vilivyobaki vilitupwa nyuma ya ukuta. Uliokota kimoja, ukanionyesha ukingo wake: alumini nyembamba juu, alumini chini, na plastiki nyeusi imebanwa katikati.

Msimamizi wa kazi alituangalia akasema, "Beba hizo zote, ma fille. Ziko zinanisumbua hapa."

Tulibeba mabamba matatu vichwani. Kwenye mlima wa kupanda Bagira upepo ulilikamata lile kubwa ukakuzungusha, ukakaa chini katikati ya barabara ukicheka mpaka watu wakasimama. Sijakusikia ukicheka vile tena.

Picha ya kwanza uliyochora juu ya bamba haikumaliza wiki. Uso wa mama ulibanduka mzima mzima kama ganda la kiazi kilichochemshwa, ukabaki nao kiganjani. Mama akauangalia akasema polepole, "Umenichuna, mutoto wangu." Kesho yake tulishuka Nyawera kwa yule muzee anayepaka magari rangi. Hakutushangaa. Alipitisha kucha juu ya bamba akasema, "Hii iko laini sana. Muikwaruze kwanza, njo rangi itashika." Tulisugua kwa msasa siku tatu, wewe upande huu, mimi upande ule, mpaka vidole vyangu vikashindwa kushika chaki. Kisha ukapaka ile rangi ya kwanza ya kushikiza, ya magari, na juu yake ukamchora mama upya, ameinama kuinua kikapu cha maharagwe. Ziwa nyuma yake hukulichora kabisa. Uliacha alumini yenyewe, tuliyoisugua. Asubuhi lilikuwa la kijivu, saa kumi jioni likawa la manjano.

Ulipolionyesha kwenye sale ya paroisi, ule ukumbi wa kanisa, bwana mmoja wa ofisini, na abakosi yake, lile koti la wakubwa lisilo na tai, alisema mbele ya watu wote, "Hii iko mabati, haiko picha." Ulimjibu, "Ndiyo, citoyen. Lakini haitaoza." Nilijivunia kuwa mdogo wako siku ile.

Siku ya kuondoka kwenda Ubelgiji ulinishika mabega. "Miaka mbili tu. Uangalie mama na mabamba."

Niliangalia, yaya. Mwaka wa nne, upepo wa mvua uling'oa bati juu ya kitanda cha mama. Miguu yake ilikuwa imeshavimba, hawezi kuinuka kitandani, na chumba kile kingine tayari kilikuwa kinavuja. Mabati yalikuwa hayaonekani mjini. Nilivuta meza, nikapanda na lile bamba kubwa, nikaligongomea kwenye miti ya paa, rangi ikitazama chini. Misumari minne. Mmoja umepita katikati ya kikapu. Sikulia, nilikuwa nimeshalowa.

Mama alilala chini ya picha yake miezi minane. Siku ya kwanza aliiangalia muda mrefu, akasema, "Yaya yako alichora ziwa, na sasa mvua haiingie tena." Alifurahi kweli. Asubuhi mwanga wa dirisha ulipofika pale juu, alikuwa akiniita: "Kuja uone, maji imeamka." Halafu alikuwa akiuliza unarudi lini. Nilimwambia baada ya Pasaka. Pasaka ilipopita nikamwambia Noeli. Alifariki saa tisa mchana, uso ukitazama juu, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Telegramu yangu uliijibu baada ya miezi miwili, ukasema ilichelewa. Nilikuamini. Nataka ulijue hilo, kwa sababu kuna wengi hapa ambao hawakukuamini.

Sista ananiambia huko siku hizi wachoraji wengi wanatumia mabamba kama haya, na yako wanayasifu. Nilifurahi kusikia. Jumapili baada ya misa nilivuta meza, nikapanda, nikauingiza mdomo wa nyundo chini ya msumari wa kwanza. Nikashindwa kuvuta. Kitanda kile ndicho ninacholala mimi sasa, na hatuna picha nyingine ya mama. Nilishuka nikakaa na nguo zangu za kanisani, mpaka wanafunzi wakaja kufuata madaftari yao.

Sikukatalii. Ni lako, wewe ndiye uliyelichora. Lakini nilipanda peke yangu kulipigilia, na peke yangu nilimshusha mama kaburini. Kulishusha hili peke yangu, hapana. Sina nguvu hizo, yaya, na hata ningekuwa nazo nisingetaka.

Usinitumie blanketi la kulifungia, wala mtu wa kulichukua. Njoo mwenyewe. Nyundo iko, meza iko. Utashika upande mmoja, nami nitashika mwingine.

Ni mimi, mdogo wako niliyebaki nyumbani kwetu, hapa Kasha.