Mkono wa Baba Mgongoni

4 Machi

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini wewe na wadogo zangu hamjambo. Sisi tunaendelea, ila kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: marehemu baba bado yupo nyumbani.

Mama akipanda ngazi na vitambaa vya kushona, husimama katikati na kusema, "Amenishika tena." Anasema baba humwekea mkono mgongoni, katikati ya mabega, na kumkandamiza. Jasho linamtoka, taya linamuuma. Juzi alitapika, kisha akacheka: "Mwanamume huyu! Hata kaburini haniachi nishone." Nami namwamini. Nikipita pale kwenye ngazi napiga hodi kimoyomoyo.

Kaka alipelekwa kupimwa moyo, kwa kuwa baba alianguka ameshika kifua. Mama hajashika kifua hata siku moja.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kliniki, wagonjwa wakinisubiri kwenye benchi. Hii nimempa dereva wa basi aikimbize.

Huo si mkono wa shemeji. Nahofia ni moyo wa dada yangu. Moyo ukiugua, kifua huwauma wanaume na wanawake, lakini wanawake, kuliko wanaume, huumwa pia mgongo, taya na tumbo, au huchoka tu, na watu husema ni gesi, ni huzuni. Isitoshe, alipokuwa na mimba yako presha ilimpanda vibaya, na hedhi ilimkatika mapema mno. Hayo humwongezea mwanamke hatari, na hakuna aliyemuuliza. Mlimpima anayefanana na baba yenu, basi.

Mpeleke leo hospitali. Akisema ana gauni la bibi harusi la kumalizia, mwambie bibi harusi atavaa lolote.

Mama yako mdogo

2 Juni

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Poleni na kazi. Nisamehe kwa kimya changu.

Ulisema kweli. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, madaktari wakauzibua, na sasa ana vidonge vya kila siku. Anapanda ngazi bila kusimama. Lakini akifika juu hugeuka kutazama nyuma, kama mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni. "Mmemfukuza," aliniambia.

Wiki iliyopita nilipofagia chini ya cherehani nilikuta vidonge kwenye vipande vya nguo. Hakukana. "Nilitaka arudi kidogo tu," alisema.

Mimi ambaye hata kusalimia watu hunishinda kwa haya, nilijikuta nikimwambia baba amehamia kwangu. Kwamba nikipanda ngazi hunishika bega, na anataka mama ameze dawa.

Akanitazama. "Mkono wake una joto au baridi?"

"Una joto."

Akameza mbele yangu, na tangu siku hiyo anameza. Ila kila jioni huniuliza, "Leo amesemaje?" Kabla ya kumjibu mimi kwanza hwenda kusimama pale kwenye ngazi, nikingoja. Sijawahi kuhisi kitu.

Tafadhali, mama mdogo, usimwambie mtu. Hasa yeye.

Mwanao