Clive Hanikumbuki Jina

Shoga Dilys, hebu sikia! Niko nje ya duka la santuri hapa Sheffield.

Clive wa bendi yetu ya zamani anazindua upya humo ndani ile albamu ya mwaka themanini na mbili. Yetu! Muziki wote wa kinanda cha umeme niliutunga mimi, jikoni kwa mama.

Mtu akamuuliza, "Kinanda alipiga nani?"

Akacheka. "Msichana fulani tu, hata jina silikumbuki."

Msichana fulani! Nami nimesimama palepale nyuma!

Nikapanda kijukwaa cha duka, nikakaa kwenye kinanda kilichokuwapo, nikaupiga wimbo wa kwanza wa albamu mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi.

Clive akaninong'oneza huku akiwachekea watu: "Glynis, nakuomba, usiniharibie."

Glynis! Umesikia? Analijua, shoga. Alilimeza makusudi.