Jina Ulilolililia

Mume wangu Frank, mjukuu wangu,

Babu yako hajambo, ila goti. Mama yako hajambo, yuko shamba. Shangazi yako Yustina anakusalimu, na watoto wake wanakupa shikamoo. Mimi situlii tangu barua yako ifike.

Unasema Frank latokana na kabila la kale la Wajerumani, unataka kwenda kwa wakili ukale kiapo ili ulibadilishe. Hao Wajerumani siwajui, mwanangu.

Ulipozaliwa ulilia siku tatu, ziwa hulitaki. Wazee wakasema, "Huyu analilia jina la marehemu wake." Wakakutajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, wewe unalia tu. Mimi, kwa kuchoka, nikamtaja kaka yangu Frank, aliyepanda treni hapa Kigwa kwenda kutafuta kazi, tusimsikie tena. Papo hapo ukanyamaza, ukanyonya. Watu wakapiga vigelegele. Mama yangu mzazi akajifunika khanga: "Kumbe mwanangu alishakufa!"

Siku hiyo hiyo tukakaa matanga, wewe umelala mapajani mwake.

Kaburi la kaka yangu hatulijui. Tukitaka kumwita, tunakuita wewe.

Usiape kwanza, baba. Nipigie leo leo, simu iko kwa Yustina.

Bibi yako