Koti la Kijani Zizini

Kwa dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baba anaendelea na cherehani yake, ingawa kutwa anatafuta miwani, nayo huwa iko pale pale juu ya kipaji cha uso wake. Shuleni naendelea vizuri. Mwalimu wa insha amesema niache kuandika kama mtu anayehutubia mkutano, kwa hiyo nitajitahidi.

Nakuandikia kuhusu Majivuno. Najua tangu mazishi ya mama hupendi kutajiwa farasi huyu, lakini alikuachia wewe, si mimi wala baba, na baba amesema hatahamishwa moja kwa moja bila neno lako. Kwa sasa yuko kwa majaribio katika zizi jipya, ng'ambo ya reli. Mwenye zizi anataka jibu kabla shule hazijafungwa, maana kuna wengine wanaokitaka kile kibanda.

Ulipoondoka, Majivuno aligoma kula. Alisimama amegeukia lango, masikio mbele, kama abiria aliyeambiwa gari liko njiani. Bi Lijamu, yule mtunza farasi wa zizi la zamani, unakumbuka tulimpa jina la kile chuma cha mdomoni kwa kuwa yeye ndiye pekee pale ambaye mdomo wake haushikiki, basi alimbembeleza, akamtukana, akamwita bwana harusi aliyekimbiwa. Wapi! Daktari wa mifugo alimpima akasema hana ugonjwa, anangoja tu.

Halafu ghafla akaanza kula, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Jioni moja nilichelewa nikisafisha matandiko, nikasikia pete ikigonga ukingo wa ndoo. Unaijua sauti hiyo, dada. Mama aligonga hivyo kila alipomletea chakula, taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Nilipotoka sikuona mtu. Majivuno alikuwa anatafuna, na hewani kulikuwa na harufu ya dawa ya nondo, ile ile aliyoiweka mama kabatini. Nilimweleza Bi Lijamu, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha. Kisha akaniambia niwe narudi nyumbani mapema, kazi ya jioni nimwachie yeye.

Baadaye daktari alishauri Majivuno abadilishiwe mahali. Katika zizi la zamani wenzake wote wamehamishwa, anaangalia kuta tu, lakini zizi jipya lina uwanja wa majani na farasi wa kufukuzana naye. Baba alipinga. Nilidhani anaogopa kumwongoza njiani, maana unamjua baba na farasi: siku za nyuma akija kumchukua mama, alimsalimia Majivuno akiwa upande wa pili wa barabara. Mimi ndiye niliyesisitiza. Ukweli ni kwamba nilitaka ile sauti ibaki nyuma. Nilijiambia kwamba aliyekufa havuki reli.

Kule nako siku za mwanzo aligoma, kisha akala. Nikafurahi, mpaka mwenye zizi, mwanajeshi mstaafu anayeongea kama anakagua gwaride, aliponiita kando na kuniuliza mbona mama yangu hasalimii watu. Alisema huja jua linapozama, amevaa koti la kijani, mtandio umemfunika uso, na huenda moja kwa moja kibandani kisha huondoka akipita kando ya ukuta. Alisema si ugomvi, ila yeye amelelewa kusalimiana. Hakuwa anajua kwamba mama amefariki, na mimi sikuweza kumwambia. Nilijibu kwamba mama yangu ana haya.

Nyumbani nilifungua kabati la mama. Koti lake la kijani halikuwepo. Nilijaribu kujiambia kwamba umeondoka nalo wewe.

Kesho yake nilijificha nyuma ya mafungu ya nyasi kavu. Usinicheke, dada, lakini kabla ya kwenda nilinawa uso na kuchana nywele, ili akiwa ni yeye kweli anikute nadhifu. Nilikuwa naogopa, na bado nilikuwa naomba awe ni yeye.

Alikuja. Koti lile lile, mtandio ule ule. Pete ikagonga ndoo, na Majivuno akaja mbio, akalaza pua yake begani kwa aliyevaa koti na kufumba macho. Nilikuwa karibu kuita. Ndipo nikaona bega lenyewe. Mshono ulikuwa umefumuliwa, ukaongezwa kipande cha kitambaa, na kushonwa upya kwa mkono, kwa mishono midogo ya sindano iliyo sawa kama imechapwa. Ni mtu mmoja tu anayeshona hivyo. Mtandio uliteleza, nikaona upara, na juu ya kipaji, miwani.

Dada, ni baba. Siku zote ni baba.

Hakukasirika aliponiona. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kwamba Bi Lijamu ndiye aliyemwita yeye baba, farasi alipoanza kudhoofika, wakajaribu koti kwa sababu ya harufu, na farasi akala. Walikusudia iwe mara moja tu. Lakini akasema kwamba Majivuno anapomwekea pua begani, yeye baba anajua bado yuko mmoja duniani ambaye kwake mama hajafa, na hakuweza kumnyima hilo. Nilimuuliza kuhusu jioni nyingine, ya mvua, ambayo sijakueleza, alipokuwa kitandani na homa nami bado nikaisikia ndoo ikigongwa zizini. Yeye akaniuliza tu kama Majivuno alikula siku ile. Nikamwambia alikula.

Jana tulikwenda pamoja, baba akiwa na shati lake la kazini lenye nyuzi na vumbi la chaki. Koti tulilitundika mlangoni. Aligonga ndoo kwa kidole kitupu, kwa woga, akasimama mbali. Majivuno alilinusa koti, akamtazama baba, akalinusa tena. Nilidhani atageukia lango. Badala yake alimfuata baba na kumnusa viganja vyote viwili, pole pole, kama mtu anayeambiwa habari ambayo aliishuku kitambo. Alikula kidogo tu. Lakini alikula, na baba alilia bila kujificha.

Baba angependa arudishwe zizi la zamani, alikotembea mama. Mimi naona abaki hapa, penye wenzake. Neno ni lako, nalo nadhani si la kuandikwa. Njoo uliseme mwenyewe, huku umemshika shingo. Usiku huu baba ameurudisha mshono wa bega, na sasa koti lina vipimo vya mama, ambavyo ni vyako. Ila ukija, dada, njoo na koti lako mwenyewe, si la mama, Majivuno akujue wewe.

Baba anakusalimu, Bi Lijamu pia, na anasema umpigie simu kabla hajakusema vibaya kwa jirani zake wote. Ujifunike vizuri kifuani usiku.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Kitinda